Fizikia Tunaiacha Darasani

Tukirudi chuo kutoka likizo, mvua ilitukuta njiani na basi likawa bado linakimbia balaa. Mama mmoja akalalamika. Konda akamjibu, "Usiogope mama, basi limejaa, linashika lami!" Tukacheka. Nusu yetu tunasoma uhandisi, na hakuna aliyefungua mdomo.

Jamani, uzito hauokoi mtu. Kweli, gari zito huibana lami zaidi, lakini pia huhitaji nguvu kubwa zaidi kulisimamisha, kwa hiyo hakuna faida. Kinachoamua ni mwendo na msuguano. Kipimo cha msuguano tukikichukua kuwa 0.7 lami ikiwa kavu na 0.4 ikiwa imelowa, gari la kilomita 80 kwa saa likifunga breki husimama baada ya mita 36 pakavu, mita 63 penye maji. Dereva akichelewa sekunde moja kushtuka, ongeza mita 22. Tairi likiwa kipara, maji hayana pa kupitia, hali inakuwa mbaya zaidi.

Mwendo ukishuka hadi 50, zile mita 63 zinakuwa 25 tu. Hesabu hii tunaijibu kwenye mtihani tunapata maksi. Tuiseme na ndani ya gari: "Dereva, punguza mwendo." Kuchelewa usajili si msiba.