Makaa ya mawe si tiba ya giza la Eastlands

Jua likichwea katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ndipo thamani ya umeme hudhihirika. Kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, saa za jioni ndizo saa za kupika, kupiga sare pasi na kudurusu masomo. Ndizo pia saa ambazo kinyozi, fundi wa kuchomelea vyuma na muuza chipsi hutafuta riziki. Umeme ukipotea, mwanafunzi hana budi kuwasha mshumaa au koroboi, ama akifunge kitabu alale.

Hapana shaka kwamba mahitaji ya umeme nchini yanapanda. Mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa yalipita megawati 2,300, na mwaka huo huo Rais William Ruto alikiri hadharani kwamba baadhi ya sehemu hukatiwa umeme saa za jioni kwa kuwa hautoshi. Kila uhaba wa aina hii unapotajwa, hawakosekani wanaouliza: kwa nini Kenya ilikataa makaa ya mawe?

Swali hilo si la kipuuzi, nalo lastahili kujibiwa kwa hoja.

Mradi unaokusudiwa ni ule wa Kwasasi, katika Kaunti ya Lamu. Kampuni ya Amu Power ilinuia kujenga huko mtambo wa megawati 1,050. Halmashauri ya mazingira, NEMA, iliupa mradi huo leseni mwaka 2016. Wakazi wa Lamu walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ikaifuta leseni. Ilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni hiyo ilikata rufani, na Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Malindi ikaitupilia mbali.

Wanaousikitikia mradi huo wana hoja nzito. Wanasema kwamba mchango wa Kenya katika gesi zinazoipasha dunia joto haufiki hata asilimia moja. Wanakumbusha kwamba Uingereza ilianza kuzalisha umeme wa makaa jijini London mwaka 1882, na kwamba haikufunga mtambo wake wa mwisho wa aina hiyo hadi Septemba 2024. Yaani ilitajirika kwanza, kisha ikatubu. Je, ni haki mtoto wa Dandora akae gizani ili kulipia moshi wa miaka 142 ya wengine?

La, si haki. Lakini kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba makaa yangemtoa mtoto huyo gizani.

Tuanze na gharama. Mkataba wa mradi wa Lamu ungeilazimisha kampuni ya usambazaji umeme kulipa takriban dola milioni 360 kila mwaka kwa muda wa miaka 25, hata kama umeme huo haungetumika. Fedha hizo zingetoka wapi ila katika tokeni za wananchi? Na katika miaka ya mwanzo makaa yenyewe yalikuwa yaagizwe kutoka nchi za nje. Mpangaji wa Kayole angelipia mtambo, akalipia meli, akalipia na kupanda kwa bei ya dola.

Pili, tuitazame Afrika Kusini. Shirika lake la umeme, Eskom, hutegemea makaa kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, na nchi hiyo ina migodi yake yenyewe. Hata hivyo mgao wa umeme umeisumbua tangu miaka ya 2007 na 2008, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kupita yote. Mitambo ilichakaa, ukarabati ukacheleweshwa, usimamizi ukalegea. Wingi wa makaa haukuwaepusha na giza.

Tatu, mabadiliko ya tabianchi si mgeni wa Ulaya. Ukame wa mwaka 1999 hadi 2000 ulipopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, nchi nzima iliingia katika mgao wa umeme. Mnamo Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliyakumba makazi ya Mathare na Mukuru. Watu wakafa, na nyumba zilizokuwa kandokando ya mito zikabomolewa na serikali. Haiwezi kusemwa kwamba kila gharika ni zao la moshi wa makaa. Lakini sayansi iko wazi kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi wa maji, na hivyo mvua kubwa huzidi ukali. Anayeishi bondeni ndiye hulipa kwanza.

Basi umeme utoke wapi? Kenya si nchi ya kuanzia sufuri. Kituo cha Olkaria kilianza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, na leo mvuke huo huzalisha zaidi ya thuluthi moja ya umeme wetu. Upepo wa Turkana una mtambo wa megawati 310. Ethiopia imekuwa ikituuzia umeme wa maji tangu mwishoni mwa mwaka 2022. Si kwamba njia hizi hazina dosari: familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria mwaka 2014, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Lakini mvuke ni wetu, hauagizwi kwa meli.

Kinachosahaulika ni kwamba uhaba wetu ni wa jioni. Usiku wa manane, viwanda na nyumba zinapolala, mahitaji hushuka sana, na mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Isitoshe, zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa na kampuni ya usambazaji hupotea njiani, kwa nyaya duni na kwa wizi. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kujenga mtambo mpya huku moja ya tano ya umeme ikivuja ni kuchota maji kwa pakacha.

Ufa huo hapa Eastlands unaonekana kwa macho: transfoma iliyowekwa kwa ajili ya nyumba chache sasa inabeba magorofa, na nyaya za “sambaza” zinaning'inia vichochoroni zikiua watu. Wizi ni wizi, wala hautetewi. Lakini bei nayo ina kasoro. Tangu Aprili 2023 bei nafuu kabisa ni ya anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi, na anayepita 100 hulipa ya juu. Walimu wa hesabu na wawape wanafunzi swali hili: ploti ina vyumba kumi na mita moja; kila chumba hutumia uniti 12. Jumla ni 120. Watu kumi maskini wanatozwa bei ya tajiri mmoja!

Kwa hiyo madai yetu yawe bayana. Kila mpangaji apewe mita yake. Transfoma za Eastlands ziongezwe kabla ya magorofa mapya kuidhinishwa. Umeme wa usiku uhifadhiwe katika betri ili utumike jioni. Na serikali ichimbe mvuke zaidi, huku ikiwashirikisha wenyeji wa mahali.

Walimu wa jiografia na sayansi wana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwani wanafunzi walio mbele yao ndio watakaolipa mikataba ya miaka 25 inayotiwa saini leo. Wafundishwe kusoma mita, kusoma mikataba, na kuuliza maswali katika mikutano ya wananchi. Watu wa Lamu waliuliza, na mahakama ikawasikiliza. Eastlands nayo isingoje giza liwe la kudumu ndipo ifungue kinywa.