Gari la Magunia Lenye Mbio za Ajabu

Bila shaka mmepata kusikia vijana wakibishana juu ya motokaa. Leo nitawaambieni habari za moja ambayo wapenzi wake huko Ulaya hawaishi kuisifu: Audi RS2.

Ukilitazama ni gari la watu wenye watoto, refu mgongo, lenye mlango wa nyuma wa kuingizia mizigo. Lakini Audi waliwaomba Porsche walitie nguvu. Porsche siku zile walikuwa na shida ya fedha, na mafundi wao wa Zuffenhausen, Ujerumani, walihitaji kazi. Basi kuanzia mwaka 1994 mabodi yalitoka Ingolstadt yakaja kukamilishwa kwao.

Siri yake ni tabo. Moshi utokao injinini, badala ya kupotea bure, huzungusha pangaboi dogo. Hilo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Petroli nayo huongezwa, nguvu ikazidi. Ukikanyaga, gari husita kidogo, kisha hukurusha mbele mpaka shingo ikuume! Silinda 5 tu, nguvu za farasi 315, mbio kilometa 262 kwa saa.

Baba wa watoto wanne ataka nini na mbio hizo? Mama mwenye nyumba atauliza, na ana haki. Mwenye gari atamjibu kwamba breki nazo ni za Porsche.

Yalitengenezwa kama 2,900 tu hadi mwaka 1995. Leo lililo zima ni ghali mno, na wengine hawathubutu tena kulipakia hata gunia moja la viazi.