Nyayo za wengine si cheti cha usalama

Mwandishi wa makala ya wiki jana anatuambia kwamba mteremko uliokwisha kupitwa na pikipiki nyingi za theluji umejaribiwa vya kutosha. Kuchimba shimo la kupima matabaka ya theluji, kwake, ni kupoteza mchana.

Tarehe 13 Machi 2010, Boulder Mountain karibu na Revelstoke, Kanada, mamia ya watu walikuwa wakitazama waendeshaji wakipanda mteremko mmoja. Siku nzima mlima ulivumilia. Kisha theluji ikaporomoka: watu 2 wakafa, wengine takriban 30 wakajeruhiwa. Majaribio gani zaidi anayataka?

Kosa lake ni kudhani theluji ni ileile kila mahali. Tabaka dhaifu, mara nyingi fuwele za baridi zilizofunikwa na theluji mpya, hulala chini ya bamba gumu. Bamba likiwa nene, mashine kumi zitapita bila kuligusa tabaka hilo. Ya kumi na moja inapita pembeni, karibu na mwamba ambapo theluji ni nyembamba, na mteremko wote unaachia.

Nakubali, shimo moja halithibitishi usalama. Huonyesha hatari tu. Ndiyo maana wenye busara husoma kwanza taarifa ya maporomoko ya theluji ya shirika la Avalanche Canada, hupima mwinuko (nyuzi 30 hadi 45 ndizo huua zaidi), na humpandisha mtu mmoja mmoja.

Na hao wanaosubiri? Wasiegeshe chini ya mteremko.