Ndiva mbili, kijito kimoja

Basi la alfajiri litokalo Same kwenda Moshi hubeba wagonjwa wengi. Hutawatambua kwa bandeji. Utawatambua kwa bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei waliyoipakata na kadi ya bima waliyoifungia kwenye leso pamoja na nauli. Kuna mwalimu mstaafu mwenye presha, mke wa ofisa wa halmashauri anayekwenda kuonana na daktari wa wanawake, karani anayempeleka mtoto wake mwenye pumu. Wameipita hospitali ya wilaya yao wenyewe, na mbele yao kuna safari ya kama kilomita 100.

Sasa angalia nani hayumo. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba hayumo. Bibi wa Vudee anayeumwa magoti hayumo. Kadi ya CHF, mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa ikikatwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, humtibu mtu kuanzia zahanati ya kijijini, na kwa rufaa humfikisha hospitali ya mkoa. Haimruhusu kuamka asubuhi na kujichagulia hospitali ya kanisa au ya mtu binafsi mjini Moshi.

Wapo wanaoliona basi hili wakafurahi. Nimewasikia harusini, nimewasikia maofisini, na karibu kila wiki nawasikia redioni. Husema hivi: mgonjwa ni mteja, mteja akihama, hospitali itashtuka na kujirekebisha, basi tufungue hospitali nyingi zaidi, zishindane, bei itashuka na lugha chafu za wodini zitakwisha. Imani hii imekaa vichwani mwa watu wengi wema na wasomi, hata haidaiwi ushahidi tena. Nasema ni imani potofu, na kwetu kwenye milima ya Upare inaumiza watu.

Mchumi Albert Hirschman aliliona kosa la imani hii mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja: kwenye reli ya Nigeria. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 alieleza jinsi reli ile ilivyokuwa mbovu, na malori yakashindana nayo kusafirisha mizigo. Kwa hesabu ya imani tunayoizungumzia, reli ingezinduka. Haikuzinduka. Wenye mizigo mikubwa na midomo mikali, wale ambao kelele zao zingemkosesha meneja usingizi, walihamia kwenye malori. Hasara ya fedha haikuwa kitisho, kwa kuwa serikali ilikuwa ikiifidia. Reli ikabaki na wateja wasioweza kuhama wala kugomba, ikaendelea kuoza kimya kimya.

Rudi sasa kwenye basi letu. Yule mwalimu mstaafu ndiye anayejua kumwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri barua yenye kumbukumbu namba. Mke wa ofisa ndiye anayeweza kumpigia simu mganga mkuu wa wilaya na simu ikapokelewa. Hao ndio wangeuliza kwa sauti kwa nini dirisha la dawa limefungwa saa nane mchana. Wako njiani kwenda Moshi. Waliobaki kwenye benchi watauliza kwa sauti ya chini, na wakijibiwa "dawa hakuna, kanunue nje," watanyanyuka waende kununua nje, au waende nyumbani.

Kuna jambo la pili. Mshahara wa muuguzi na daktari wa serikali hutoka hazina, mgonjwa aje asije. Fedha ya kuziba pengo la dawa pale Bohari ya Dawa inapokosa kuleta hutegemea sana makusanyo ya kituo chenyewe: bima na malipo ya papo kwa papo. Kila kadi ya bima inayopanda basi imeondoka na malipo yake. Kwa hiyo mwajiriwa mzembe, kama yupo, hapungukiwi na kitu. Anayepungukiwa ni yule bibi wa magoti, ambaye mwezi ujao ataambiwa vidonge vimekwisha. Niambieni hiyo adhabu ya soko imemwangukia nani.

Wasiotoka kwetu huenda hawajaiona ndiva. Ni bwawa dogo la kuchimbwa, ambalo Wapare walilijenga mlimani tangu kabla ya ukoloni. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Mtu akichimba ndiva ya pili juu ya ile ya kwanza, kwenye kijito kilekile, hajaongeza maji hata ndoo moja. Amewakaushia walio chini.

Kijito chetu ni wauguzi, wakunga, madaktari na wataalamu wa maabara. Ni wachache, na mlimani ni wachache zaidi. Kabla ya kushindania wagonjwa, hospitali zetu hushindania watu hawa. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilipopandisha mishahara na kufungua ajira za afya, hospitali za makanisa nchini zilikimbiwa na wauguzi wao waliokwenda serikalini. Siwalaumu, mtu ana watoto wa kusomesha. Nilichokiona ni namna tulivyolisoma jambo lile: serikali imeajiri, hongera. Baadhi ya walioajiriwa walikuwa tayari kazini, kwenye wodi za misheni vijijini, na kila aliyeondoka aliacha zamu ya usiku isiyo na mtu.

Kwetu hizi hospitali za makanisa si pambo. Waadventista waliingia Upare mwaka 1903, Walutheri nao wakaja na misheni zao, na leo ukiwa upande wa mashariki wa milima, huko bondeni kunakopakana na Mkomazi, Hospitali ya Kilutheri ya Gonja, ya KKKT Dayosisi ya Pare, iko karibu nawe kuliko Same mjini. Kuipambanisha na hospitali ya serikali, ili ipatikane itakayoshinda, ni kumwomba mtu wa Maore, huko bondeni, atembee zaidi siku mshindi atakapopatikana.

Halafu kuna usiku. Miaka kadhaa iliyopita, kijijini kwetu, jirani yangu alishikwa na uchungu saa saba za usiku, mvua za vuli zikinyesha, barabara ikiwa tope. Tulimbeba kwa machela ya miti miwili na blanketi hadi pikipiki ilipoweza kufika. Katika watu tisa tuliokuwa tukipokezana machela ile, hakuna aliyeuliza ni hospitali gani yenye huduma bora. Tuliuliza nani ana namba ya mwenye gari, na nani ana tochi nyingine. Mama yule alipona, mtoto hakupona. Kituo tulichofika hakikuwa na mtu wa kumpasua usiku ule, na cha pili kilikuwa mbali mno. Kwa hiyo mtu anaponiambia mgonjwa achague, mimi huiona machela ile na blanketi lililolowa.

Kenneth Arrow, mchumi wa Marekani, alikwisha kuyaandika haya mwaka 1963: matibabu si kama gunia la mahindi, kwa sababu anayenunua hajui anachohitaji, hawezi kukijaribu kabla ya kulipa, na mara nyingi anayemshauri anunue nini ndiye huyohuyo anayemwuzia. Kilichobadilisha usiku wa milimani hakikutoka sokoni. Ni namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, inayopigwa bure mjamzito au mtoto mchanga anapopata dharura. Gari la wagonjwa lisipokuwepo, huitwa dereva wa jamii aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa na mfumo. Hapo zahanati, kituo cha afya na hospitali ni viungo vya mwili mmoja, na kimoja kikifurahia kumnyang'anya mwenzake mgonjwa, mtu hufa njiani.

Waingereza walilipima suala la ushindani kwa hesabu. Mwaka 1991, mwaka uleule Tanzania iliporuhusu tena hospitali za biashara zilizozuiwa kwa sheria ya 1977, serikali ya Uingereza ilianzisha soko la ndani katika huduma yake ya afya, hospitali zikashindania mikataba huku bei zikiwa huru. Baadaye Carol Propper na wenzake walichambua takwimu za miaka ile. Penye ushindani mkali, foleni za kusubiri upasuaji zilipungua, na vifo vya wagonjwa wa shambulio la moyo viliongezeka. Foleni zilikuwa zikitangazwa; vifo havikuwa vikitangazwa. Hospitali zikaboresha kilichoonekana. Niseme pia upande wa pili, maana ni kweli: mageuzi yaliyofuata mwaka 2006, bei zikiwa zimepangwa na serikali na taarifa za ubora zikiwa wazi zaidi, yaliambatana na matokeo mazuri penye ushindani. Lakini hayo ni matokeo ya nchi ambayo watu wake wengi wana hospitali kadhaa ndani ya mwendo mfupi wa gari, na hawalipi mlangoni. Atakayeyanukuu, aje kwanza tupande wote kutoka Same hadi Chome msimu wa mvua.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi waandishi. Machi 2024, vituo binafsi vilipokataa kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na baadhi ya hospitali kubwa zikasitisha kwa siku chache kuwahudumia wanachama wa Mfuko, tuliandika kama watangazaji wa mpira: nani amekaza, nani amelegea, waziri amesema nini, umoja wa hospitali umejibu nini. Swali ambalo lingemfaa msomaji wa Hedaru lilipita pembeni: huduma fulani imewekewa bei gani, bei hiyo imekokotolewaje, na ikiwa ndogo kuliko gharama, nani atakuwa wa kwanza kufunga milango, hospitali ya ghorofa ya Dar es Salaam au hospitali ya misheni isiyo na akiba? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Uhai wake wote umo ndani ya swali hilo.

Tunapenda mashine mpya na utepe unaokatwa. Tuna historia mbaya zaidi ya hiyo. Mwaka 2011 tuliitangaza Loliondo usiku na mchana, kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, hadi magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, na wagonjwa wakatolewa wodini kupelekwa huko. Wale nao walikuwa wateja waliochagua. Walichagua kwa taarifa tulizowapa sisi.

Najua nitajibiwa: basi unataka tubaki na hospitali moja ya serikali, na nesi atakayetutukana. Hapana. Matusi ya wodini yapo, nami nimeyasikia kwa masikio yangu. Ninachokataa ni dawa mnayoyapa. Wizara ilipoanza kuvipa nyota vituo vya msingi mwaka 2015/16, vituo vingi havikupata nyota hata moja. Vilipopimwa tena miaka miwili baadaye, vingi vilikuwa vimepanda. Vifo vya uzazi, kwa tafiti za kitaifa, vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 na 104 katika ule wa 2022, katika miaka ambayo vituo vya afya vingi viliwezeshwa kufanya upasuaji wa uzazi karibu na watu. Na mwaka 2025 jarida la kitabibu la New England lilichapisha matokeo ya mradi wa uzazi salama ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom katika vituo 30 vya mikoa mitano: wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, wakatazama takwimu zao wenyewe, wakarekebishana. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40, vya akina mama kwa karibu asilimia 75. Hospitali ya misheni kijijini ilizifundisha za serikali siri zake zote. Katika biashara, hakuna anayefanya hivyo kwa mpinzani.

Na sisi watu wa Upare tunajua kudai bila kuhama. Januari 1945 maelfu walishuka milimani wakajazana Same kwa mkoloni, wakitaka waelezwe kodi ya mbiru inakadiriwaje. Walikaa, wakapokezana, vijiji vikawapelekea chakula, hadi hatimaye kodi ile ikafutwa. Hakuna aliyewaambia wahamie wilaya nyingine yenye kodi nafuu.

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha kamati ya kituo kimoja cha afya huko juu. Karatasi ya mapato ilikuwa imebandikwa ukutani: bima, CHF, papo kwa papo. Mzee mmoja, mkulima wa tangawizi, aliisoma taratibu akifuata mistari kwa kidole, kisha akamgeukia mganga mfawidhi. "Mganga, mwanangu, hii ya CHF imeingia lini? Na dawa ya presha ya mama yenu iko wapi?" Yule binti mganga hakukasirika. Alikwenda kuleta leja, akaifungua mezani, wakainamia wote wawili. Mwalimu mmoja mstaafu mwenye kadi ya NHIF, aliyekuja kwa mara ya kwanza, alivaa miwani yake akasogeza kiti.

"Ngoja," alisema, "hapa kwenye mwezi wa tatu, hebu nisomee tena."