Nani Aliyetuita Nyasi?

Wako wasomi miongoni mwetu ambao, wakiulizwa juu ya mambo ya nchi na nchi, hawana jibu ila methali moja: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Wakorea nao wanayo yao: wapiganapo nyangumi, uduvi huvunjika mgongo. Basi msomi huziunganisha hizi mbili, akatamka ya kuwa hekima ya mnyonge ni kumchagua tembo mmoja na kusimama kivulini mwake. Mimi nasema fikira hiyo ni ya uvivu, tena ni ya hatari.

Methali haina kosa. Kosa ni la mwenye kuitumia. Nyasi hazikumwita tembo, bali Korea ilimwita. Mwaka 1894, wakulima wa Donghak walipoasi, serikali ya mfalme iliomba askari wa Uchina waje kuwazima. Uchina ikaleta jeshi, na Japani, bila kualikwa, ikaleta lake; vita vyao vikapiganwa juu ya ardhi ya Wakorea wenyewe. Mwaka 1905 Korea ikawekwa chini ya himaya ya Japani, na 1910 ikamezwa kabisa. Hapana shaka Japani ilikuwa na tamaa yake tangu zamani. Lakini mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Sisi wa Nyakahanga hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Hapa Karagwe, alipokufa Ndagara, wanawe waligombea kiti. Speke, aliyefika kwa Rumanyika mwaka 1861, aeleza jinsi mfanyabiashara Musa Mzuri alivyomshawishi Suna, Kabaka wa Buganda, atume jeshi kumsaidia Rumanyika dhidi ya nduguye Rogero. Rumanyika akashinda. Wageni wamemsifu mno kwa upole na ukarimu wake, na sifa hizo zamstahili. Ila ni wachache waulizao ushindi ule uligharimu nini. Buganda ilipata neno katika mambo ya Karagwe, na baada ya kifo cha Rumanyika mwaka 1878 neno hilo likazidi nguvu. Wajerumani walipokuja, waliikuta nchi imekwisha kudhoofika.

Nitajibiwa ya kuwa mipaka yetu ilichorwa Ulaya, nasi hatukuulizwa. Ni kweli. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ulipitisha mpaka katika latitudo ya digrii 1 kusini ya Ikweta, bila kuujali mto, kama vile mwaka 1945 Wamarekani na Warusi walivyoikata Korea kwenye digrii 38. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 alidai mto ndio mpaka. Mstari ule ulimpa kisingizio tu. Kilichokosekana ni baraza la majirani: tangu 1971 wakuu wa nchi tatu hawakuketi pamoja, Nyerere akikataa kukaa na Amin, na mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Sisemi Nyerere angemkumbatia mtu yule. Nasema daraja la Kyaka lilipovunjwa hapakuwa na mahali karibu pa kupeleka shauri. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani mvamizi, na Libya ikampa askari. Tulishinda mwaka 1979, na gharama yake tukailipa kwa miaka mingi.

Sasa tazameni ya juzi. Goma ilipotekwa na M23 mwezi Januari 2025, wakuu wa Afrika Mashariki na wa Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam mwezi Februari. Mwezi Juni, mkataba baina ya Kongo na Rwanda ukatiwa sahihi Washington, na habari za madini hazikuwa mbali na meza. Wasomi wangu wa methali wakapiga makofi. Sibezi amani, itoke itokako. Bali nauliza ni nani atakayeilinda siku ambayo dola lile litapata madini yake kwingine, au litakapopata kiongozi asiyetaka kusikia habari za Kivu. Rwanda iko ng'ambo ya mto wetu. Vita vikirudi, wakimbizi watavuka Kagera kuingia Karagwe, kama walivyovuka mwaka 1994, hawataivuka Atlantiki.