Shanga za Lothagam zije Lodwar, na watafiti wafike Kapedo

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi,
na kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Turkana, Lodwar.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Kapedo, ambako maji moto hububujika ardhini na kuporomoka hadi Mto Suguta, na ambako jina letu husikika Nairobi pale tu risasi zinapolia. Barua hii haihusu risasi. Inahusu watu waliochunga mbuzi, kondoo na ng'ombe katika nchi hii miaka 5,000 iliyopita, na inauliza kwa nini sisi tunaochunga hapa leo hatujaonyeshwa walichoacha.

Nimewaandikia wawili kwa pamoja kwa sababu sheria imewagawia kazi hii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi serikali ya kitaifa maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na linaipa kaunti jukumu la makavazi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 nayo inasema kwamba vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali. Kwa hiyo mmoja wenu ana shanga, mwingine ana wajibu wa kuzijengea nyumba. Mkisubiriana, hakuna mtoto wa Turkana atakayeziona.

Shanga ninazosema ni za Lothagam, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, si mbali na Mto Kerio. Mwaka wa 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Elisabeth Hildebrand, pamoja na Wakenya kama Purity Kiura na Emmanuel Ndiema, lilitangaza matokeo ya uchimbaji kwenye eneo la nguzo la Lothagam Kaskazini. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wafugaji walitengeneza jukwaa la mawe lenye kipenyo cha takriban mita 30. Katikati walifukua mchanga wa ufuo wa kale mpaka wakagonga mwamba, wakazika wafu wao humo kizazi baada ya kizazi, wakiwapanga kwa kubanana. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, kisha wakasimamisha juu yake nguzo za mawe, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa karibu kilomita moja. Watafiti walichimba sehemu ndogo tu. Kwa kukadiria kutokana na sehemu hiyo, wanasema waliozikwa pale hawapungui 580.

Tafadhali msiipite idadi hiyo haraka. Walizikwa wazee, walizikwa watoto wachanga, walizikwa wanawake kwa wanaume, wote mahali pamoja. Wala hapakuonekana kaburi la mkubwa lililotengwa na ya wengine. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za ganda la yai la mbuni, shanga za mawe ya rangi, pete za meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililotungwa kwa mamia ya meno ya mbele ya panya wa jangwani, meno ya wanyama zaidi ya 100. Fikirieni kazi iliyokuwamo. Panya hao walikamatwa mmoja mmoja, meno yakang'olewa na kupangwa, na mtu aliyeifanya kazi hiyo alijua ni nani atakayelivaa.

Shanga za mawe zilidai subira zaidi. Ganda la mbuni unalivunja vipande, unatoboa, unatunga kwenye uzi na kusugua mpaka vipande vyote vilingane. Jiwe halikubali upesi hivyo. Walichagua amazonaiti ya rangi ya kijani na buluu, wakachagua zeolaiti ya waridi na mengine yenye rangi zao, na kila jiwe lilikuwa na ugumu wake mbele ya kekee. Mama yeyote wa Kiturkana mwenye shanga zilizopandana shingoni hadi kidevuni akiziona hizo ataelewa kabla ya mtaalamu kufungua kinywa. Ataziangalia rangi, ataangalia tundu, atauliza uzi ulikuwa wa nini. Maswali hayo yana faida kwa sayansi, lakini anayeweza kuyauliza hajawahi kuitwa mezani.

Nawaomba pia mkumbuke ni wakati gani watu hao walijenga. Mvua za zamani zilizokuwa zimeijaza nchi hii zilikuwa zinakatika. Ziwa lilishuka makumi ya mita, samaki wakapungua kwenye ghuba zilizokauka, malisho mapya yakajitokeza mahali palipokuwa na maji, na mifugo iliyotoka kaskazini ikaingia bondeni. Katika mashaka hayo, watu waliotawanyika na mifugo yao walikuwa na mahali pa kurudi, kukutana na kuzika. Hapakuwa na mfalme wa kuwalazimisha kubeba mawe. Wanasayansi wa nchi nyingi wamelitazama jambo hili kwa mshangao, kwa sababu walikuwa wamezoea kuamini kwamba majengo makubwa huanza na watawala wakubwa. Mzee anayejua jinsi adakar, kundi la wafugaji wanaohama pamoja, inavyoungana wakati wa ukame na kuachana mvua inaponyesha hatashangaa sana. Angekuwa na la kuwaongezea.

Mheshimiwa Gavana, Turkana inajiita chimbuko la binadamu, na ina haki. Mvulana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984, anajulikana duniani kote. Zana za mawe za Lomekwi, zenye miaka milioni 3.3, zilibadilisha vitabu mwaka wa 2015. Lakini mifupa ya miaka milioni imemeza hadithi nyingine zote. Mgeni akija Lodwar wakati wa tamasha la Tobong'u Lore anaambiwa kwamba binadamu wote walitoka hapa. Haambiwi jinsi mfugaji wa kwanza alivyoishi hapa na jinsi alivyokabili ukame. Kwangu mimi, kwa mtu wa mbuzi na ngamia, hiyo ndiyo hadithi iliyo karibu zaidi na maisha yetu, na ndiyo iliyowekwa nyuma kabisa.

Angalieni Kalokol. Kwenye barabara ya kutoka Lodwar kuna nguzo 19 za mawe ambazo wazee husimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Mpita njia huweka kijiwe juu ya nguzo na kuendelea na safari. Mwaka wa 1978 watafiti wawili waliandika kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwa nyota, zikiwa kalenda ya miaka 2,300 hivi iliyopita, na habari hiyo bado inarudiwa kwa watalii. Kazi ya baadaye imeonyesha kwamba eneo hilo ni la zamani zaidi, la enzi moja na Lothagam. Hadithi ya wazee itunzwe kama hadithi ya wazee. Lakini mtoto wa shule ya Kalokol aambiwe pia kilichogunduliwa baadaye, na aambiwe na mtu wa kwao aliyefunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo.

Sasa nije kwetu. Bonde la Suguta linaloendelea kaskazini kutoka Kapedo lilikuwa na ziwa lililofika kina cha takriban mita 300 mvua za kale zilipokuwa nyingi. Leo kilichobaki ni Logipi, maji ya magadi yenye kina kifupi chini ya jua kali. Watu waliishi kando ya maji hayo yalipojaa, na waliishi yalipopungua. Lokori, makao ya Turkana Mashariki, iko jirani na makaburi ya Namoratunga, ambako mawe yaliyosimama yamechorwa alama zinazofanana na chapa tunazowawekea ng'ombe. Kati ya Lokori na Kapedo kuna barabara ambayo watu huogopa kuipita, na hofu hiyohiyo ndiyo inayowazuia watafiti. Lakini mitambo haikuzuiwa. Uchimbaji wa mvuke umefika Paka na Silali, pamoja na barabara zake, mabomba yake na viwanja vya visima vilivyosawazishwa kwa tingatinga. Tunataka umeme. Tunataka pia kila barabara mpya itanguliwe na watu wanaotembea kwa miguu wakitazama chini, wanaojua tofauti ya rundo la mawe la kaburi na rundo la kawaida. Katapila likipita mara moja juu ya kaburi la miaka 4,000, hakuna fidia.

Kuna jambo lazima niliseme waziwazi, hata kama halitawapendeza baadhi ya ndugu zangu. Wapo watakaosikia habari za makaburi ya kale na kutaka yawe hatimiliki: haya ni ya babu zetu, basi ardhi ni yetu. Wengine upande wa pili, wa Wapokot, watasema hivyohivyo. Wote watakuwa wamekosea. Wazee wetu wenyewe husimulia kwamba Waturkana walitoka upande wa Karamoja, wakimfuata mama Nayeche, na nguzo waliziona zikiwa zimesimama tayari. Waliozikwa Lothagam hawakuwa Waturkana wala Wapokot. Walikuwa wafugaji waliotutangulia sote. Msipolieleza hilo kwa sauti, barazani, kwa Kiturkana na kwa Kipokot, wachochezi watalieleza kwa namna yao. Nawasihi msitumie woga huo kuwa sababu ya kunyamaza. Mnapokaa kimya, wao ndio wanaoandika historia ya Kapedo.

Ninachoomba hakihitaji jumba la marumaru. Makavazi ya Kitaifa yana Makavazi ya Jangwani kule Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kazi hii mnaijua. Lodwar ipate chumba cha kudumu, kilicho salama na chenye hewa inayofaa, ambamo sehemu ya mapambo ya Lothagam itawekwa kwa mkopo wa muda mrefu. Mifupa isiwekwe kwenye kioo. Wale ni wafu wa watu, na waliwekwa chini kwa heshima. Mapambo yatosha. Maonyesho madogo yasafiri hadi Kakuma, ambako watoto waliotoka Sudan Kusini wanasoma darasa moja na watoto wetu. Mbuzi na kondoo wa kwanza waliingia bonde hili kutoka kaskazini, njia zilezile wanazozijua watoto hao, na wao pia wana haki ya kuisikia habari hiyo.

Kapedo nayo ipate upimaji wa ardhi kwa miguu, kutoka chemchemi hadi Logipi, kabla ya mradi mwingine kuanza. Waajiriwe vijana wa Kiturkana na wa Kipokot katika kundi moja, wafunzwe kuandika mahali, kupiga picha na kuacha kitu kilipo. Wamezaliwa hapa na wanajua kila kisima. Wataalamu wa kuwafunza hawako mbali. Taasisi ya Turkana Basin Institute ina kituo cha utafiti Turkwel, na nyinyi Makavazi mna wanaakiolojia waliokwisha kufanya kazi hii upande wa ziwa. Usalama ni kikwazo cha kweli. Ndiyo maana kazi ianze pale wazee wa pande zote mbili watakapokubaliana, hata kama ni kilomita chache tu karibu na maporomoko.

Tunaomba majibu yenu yataje mambo mawili: mwaka wa fedha ambao chumba cha Lodwar kitaingizwa katika bajeti ya kaunti, na jina la ofisa wa Makavazi atakayekuja Kapedo kukaa na wazee na kupanga upimaji. Barua ya majibu tutaisoma kwenye baraza la chifu, na nakala tutawapelekea majirani zetu Wapokot wa Tiaty.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kapedo, Turkana Mashariki