Tusiulize tairi lipi ni kali, tuulize lipi linasimama kwenye maji

Leo naomba ruhusa niache programu na seva kidogo. Wanaonisoma mara kwa mara wanajua kwamba ofisini kwetu, ukiondoa kompyuta, gumzo linalobaki ni magari, na kwa watu wa programu hapa Nairobi gari maana yake ni Subaru. Sijui nani aliitunga sheria hiyo. Najua tu kwamba tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila mwaka nusu ya ofisi hupotelea Naivasha, na wakirudi lazima wabadilishe kitu kwenye gari. Mara ekzosi, mara rimu, na baada ya rimu, matairi.

Hapo ndipo naulizwa: "Wewe unapenda kusoma mambo, tairi gani kali?" Ukimchimba anayeuliza utagundua kwamba "kali" kwake ni tairi linaloshika kona kwenye lami kavu, mchana, jua likiwaka. Yaani anataka kununua tairi kwa ajili ya hali ambayo tairi lolote zima lingemtosha. Mimi naona tunaanza mwisho. Kwa barabara zetu, chagua kwanza tairi linalofunga breki vizuri kwenye maji, halafu kati ya hayo ndiyo utafute linalokufurahisha kwenye kavu.

Tufanye hesabu, maana hapa tunapenda hesabu. Umbali wa kusimama ukishakanyaga breki ni mraba wa mwendo, ugawe kwa mara mbili ya mvutano wa dunia ukizidisha na kiwango cha mshiko. Chukua 80 km/h, mwendo unaoruhusiwa kwenye Nairobi Expressway. Kwenye kavu tuseme tairi la kawaida lina mshiko wa 1.0 na lile la kifahari 1.1. La kwanza linasimama kwa mita 25, la pili kwa mita 23. Umelipa pesa nyingi, umepata mita mbili. Sasa lete mvua. Tairi zuri la maji tulipe 0.8, baya tulipe 0.6. Zuri linasimama kwa mita 31 na nusu. Baya linahitaji mita 42.

Mita kumi na nusu hazisikiki kuwa nyingi, kwa hiyo igeuze hesabu. Pale pale ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili linakwenda kasi gani? Linakwenda 40 km/h. Jibu hilo huwashangaza hata watu wa hesabu, kwa sababu nguvu ya mwendo huenda kwa mraba, na robo ya nguvu iliyobaki ni nusu ya mwendo. Wewe umesimama unapumua, mwenzako anaingia nyuma ya lori kwa 40. Namba hizo za mshiko nimezichagua ili hesabu ieleweke, lakini hazijatoka mbali na ukweli. Umoja wa Ulaya ulipoanzisha lebo ya matairi mwaka 2012, tofauti ya kusimama kutoka 80 km/h kati ya daraja la juu na la chini la mshiko wa maji ilikadiriwa kufika mita 18.

Kwa nini basi tairi moja lishike maji na jingine liteleze, na yote ni mpira mweusi wa duara? Kuna mambo mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni mchanganyiko wa mpira wenyewe. Zamani mpira uliimarishwa kwa masizi ya kaboni tu, ndiyo rangi ile nyeusi. Mwaka 1992 Michelin walileta matairi ambayo sehemu ya masizi hayo ilibadilishwa na silika, na tangu hapo imewezekana mpira uwe mwepesi kuviringika na papo hapo ubane lami yenye maji. Jambo la pili ni mifereji. Hiyo kazi yake si kushika, ni kuyatoa maji ili mpira uguse lami. Mpira mzuri wenye mifereji iliyokwisha hauna nafasi ya kuonyesha uzuri wake, na mifereji mirefu kwenye mpira mbaya ni mapambo.

Kumbuka hilo la mwisho, linahusu kisa nitakachosimulia.

Mwenzangu mmoja alinunua gari lililotoka Japani, safi kabisa, matairi yana meno marefu kama ya trekta. Muuzaji akamwambia, "Hizo ni za Japani, boss, bado mpya." Na kwa macho zilikuwa mpya. Mvua za Aprili zikaja. Anashuka Waiyaki Way jioni kuelekea Westlands, mwendo wa kawaida, matatu mbele ikasimama kushusha abiria. Akakanyaga breki, ABS ikaanza kugonga mguu, gari likaendelea tu. Alisimama ndani ya mlango wa nyuma wa matatu. Kondakta alikuwa ndiyo kwanza ameruka pembeni. Kesho yake tulipolitazama gari gereji, ubavuni mwa tairi kulikuwa na neno STUDLESS.

Ndugu zangu, neno hilo likariri. Ni tairi la barafu. Kule kaskazini mwa Japani hulifunga miezi ya theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, na uso umekatwakatwa vijinyufa vingi ili ung'ate barafu. Kwenye lami ya Nairobi yenye joto na maji, meno yale laini yanalegea na kujipinda, na tairi linafunga breki vibaya kuliko la kawaida. Majina utakayoyakuta ni kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, na alama ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani mwisho 160 km/h. Matairi mazuri sana, huko kwao. Huku usiyakubali hata kwa bure, na gari likitoka Mombasa limeyavaa, bei ya matairi mapya manne iingize kwenye bei ya gari kabla hujatoa mkono kusalimiana.

Upande wa pili kuna wale wa matairi ya nusu mashindano. Toyo R888R ina alama ya kuchakaa 100, Yokohama A052 ina 200. Ni matairi halali ya barabarani, na kwenye kavu yakishapata joto yanashika kama gundi, sikatai. Hata kwenye lami yenye unyevu tu baadhi yake hayana aibu. Shida ni maji yaliyosimama, kwa sababu mifereji ni michache na mifupi tangu siku ya kwanza. Na sisi maji yaliyosimama ndiyo tunayo. Aliyeendesha barabara ya Thika usiku wakati wa mafuriko ya 2024 hahitaji nimweleze. Kama una gari la wikendi, nenda nayo uwanjani ukafurahi. Kama gari ndilo linalopeleka watoto shule saa kumi na mbili asubuhi, mpira ungali baridi na barabara imelowa, mimi simwelewi anayefanya hivyo.

Kwa hiyo katikati kuna nini? Kuna matairi ya kasi ya kawaida, kundi la kina Michelin Pilot Sport 4S (alama ya kuchakaa 300, mshiko AA), na wenzake wa Continental, Bridgestone, Goodyear na wengine. Sitaji mshindi. Majina yanabadilika kila baada ya miaka michache na saizi moja haifanani na nyingine. Jifunze kusoma alama, utajichagulia mwenyewe.

Alama za Kimarekani zimeandikwa ubavuni na ni tatu. Ya kuchakaa hupewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo ilinganishe ndani ya kampuni moja tu. Ya mshiko ni AA, A, B au C, na wengi hudhani ni mshiko wa kila kitu. Sivyo. Inapima breki za moja kwa moja kwenye lami na zege iliyolowa. Haipimi kona wala kuelea juu ya maji. Ya tatu ni ya kuvumilia joto. Mimi huishia kwenye lebo ya Ulaya, ile yenye picha ya wingu na matone, kwa sababu tangu Mei 2021 madaraja ni A hadi E na kila lebo ina msimbo wa QR unaoelekea hifadhidata ya EPREL, iliyo wazi kwa yeyote. Madukani kwetu karatasi hiyo huwa imebanduliwa zamani. Haidhuru. Andika jina la tairi na saizi kamili kwenye EPREL, mfano 225/45R17 kama una WRX STI ya 2004, usome mwenyewe. Saizi andika kamili, maana tairi la jina moja linaweza kuwa A kwenye inchi 18 na B kwenye 17. Ni hifadhidata iliyopangwa vizuri kuliko nyingi nilizolipwa kuzirekebisha. Upungufu mmoja: alama ile ni ya tairi jipya. Tangu Julai 2024 Ulaya imeanza kudai aina mpya zipimwe zikiwa zimechakaa pia, na ilikuwa imechelewa.

Ukifika Kirinyaga Road au popote unaponunulia, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka sita si jipya, hata kama bado lina vile vinyweleo vya mpira. Muuzaji atakuambia halijaguswa. Mpira huzeeka bila kuguswa.

Halafu upepo, na hapa ndipo pana muujiza wa bei rahisi. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, wakihangaikia ndege zinazoteleza kwenye viwanja vyenye maji, walipata kanuni kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hufuata kipeo cha pili cha upepo uliomo. Ukiigeuza kwa kilomita na psi, ni takriban 16.65 mara kipeo cha pili cha psi. Psi 32 inakupa 94 km/h. Psi 24 inakupa 82. Ilikuwa ya ndege, na inachukulia maji yenye kina kuliko mifereji, kwa hiyo kwenye gari ni makadirio tu, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: upepo mdogo, unaelea mapema. Tairi pana nalo huelea mapema kuliko jembamba kwa kuwa lina maji mengi zaidi ya kusukuma. Anayeweka matairi mapana ili "gari likae chini" huwa hakuuliza hili.

Na wanaoteremka Mombasa wapime upepo tena wakifika. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na hewa ya pwani ni nzito kuliko ya huku juu mita 1,700. Ile 32 ya Nairobi ingepungua kwa psi mbili hadi tatu ufukweni, ingawa joto la kule hurudisha sehemu yake.

La mwisho linawahusu hasa wenye magari yanayovuta miguu yote minne. Tunapenda kununua mawili mawili, "mwisho wa mwezi nitaongeza." Subaru husema mizingo ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, karibu milimita 6. Mzingo ni pai mara kipenyo, kwa hiyo tairi lililochakaa milimita 1 tu zaidi ya mwenzake limepungua mzingo kwa milimita 6.28. Milimita moja! Mawili mapya na mawili ya mwaka jana tayari yamevuka, na sanduku la gia ndilo litakalolipa tofauti. Kama pesa hazitoshi manne ya jina kubwa, shuka daraja: nunua manne ya kampuni ya bei nafuu yenye B ya maji, ya mwaka huu, na rimu za inchi 18 zisubiri.

Vijiti ndani ya mifereji huashiria mwisho kwenye milimita 1.6. Mimi sifiki huko. Nikipima 3 naanza kuwapigia simu wauzaji. Yangu leo asubuhi yamesoma 4, na mvua za vuli huanza Oktoba, kwa hiyo Septemba nitakuwa Kirinyaga Road na tochi, nikisoma tarakimu nne.